Pikapu ya Shingoni na Mengine Niliyojifunza Ndani ya Gitaa Langu la Besi

Siku pikapu ya shingoni, kile kifaa cha chini ya nyuzi kinachozisikia na kupeleka sauti kwenye amplifaya, ilipokufa tulikuwa katikati ya mazoezi, na lawama zangu zote zilikwenda kwa amplifaya. Sauti haikukatika. Ingekatika ningejua pa kuanzia. Ilikonda. Uzi wa E uliozoea kutikisa sakafu ukaanza kulia kama redio ya mfukoni iliyowashwa chumba cha pili: unaisikia, noti unazitambua, lakini kifua hakuna. Nikabadilisha kebo. Nikahamia amplifaya ya mwenzangu. Nikapandisha kitufe cha besi hadi mwisho, kikaongeza mvumo tu. Mpiga ngoma akaniuliza kama nimefunga nyuzi mpya.

Niliporudi nyumbani nilichomeka kebo kwenye gitaa na kuigusisha ncha ya pili kwenye mita ya umeme iliyotegwa kupima ukinzani. Kitufe cha sauti cha pikapu ya darajani, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, nikakishusha hadi sifuri, cha shingoni nikakifungua chote. Katika daftari langu kipimo hichohicho kilikuwa kimeandikwa 7.1, yaani omu elfu saba na mia moja. Sasa mita ilionyesha zaidi ya elfu 120. Ilikuwa inapima potensiometa peke yake, yaani vikinzani vilivyo chini ya vitufe, kwa sababu koili, ule waya uliozungushwa ndani ya pikapu, haikuwa njia tena. Mahali fulani ndani ya kile kijisanduku cheusi waya ulikuwa umekatika, na kile kisauti chembamba nilichokisikia kilikuwa kinavuka pengo kwa kudra tu.

Gitaa hili ni la muundo wa Jazz Bass, ule aliouleta Leo Fender mwaka 1960: pikapu mbili nyembamba, moja upande wa shingo na moja karibu na daraja. Langu lina vitufe viwili vya sauti na kimoja cha toni. Lilinifikia likiwa limeshapita mikono kadhaa, na kwa miaka ya mwanzo nililipiga bila hata kulifungua. Kila nilichokijua kuhusu pikapu nilikuja kukijua kwa sababu kuna kitu kiliharibika au kilinikera.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya. Kila moja ya zangu ina vichwa 8 vya sumaku, viwili kwa kila uzi, na kuvizunguka kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, takriban milimita 0.06, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku huuchezesha uga wake, na uga unaochezacheza huzalisha umeme mdogo ndani ya koili. Ndicho alichokionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hata uzipige kwa nguvu zote, pikapu ya aina hii haizisikii.

Kilichonibadilisha zaidi ni kuelewa kwamba pikapu husikia kipande kile tu cha uzi kilicho juu yake. Ya shingoni imekaa mahali ambapo uzi unacheza kwa upana, kwa hiyo inaleta unene. Ya darajani imekaa mahali ambapo uzi umebanwa, kwa hiyo inaleta ukavu na meno. Sauti niliyokuwa naitafuta miaka yote kwa kuzungusha vitufe vya amplifaya ilikuwa inaamuliwa hapo, ndani ya milimita chache kati ya chuma na sumaku.

Lakini nianze na mvumo, kwa sababu ndio ulionifanya nishike bisibisi kwa mara ya kwanza.

Koili moja hupokea kila kinachopita hewani, ukiwemo umeme wa ukutani. Katika nchi nyingi umeme huo hutikisika mara 50 kwa sekunde, kwingine mara 60. Uzi wa E wa besi ukiachwa wazi hutikisika kama mara 41, na noti ya G kwenye freti ya tatu (freti ni vile vichuma vinavyokata shingo) ya uzi huohuo mara 49. Mvumo, basi, umejenga nyumba yake palepale tunapofanyia kazi sisi wapiga besi. Huwezi kuukata kwa vitufe bila kukata na muziki wenyewe. Dawa yake ya zamani ni kutumia koili mbili zenye mzunguko na sumaku zinazopingana, ili kelele zifutane na sauti ya nyuzi ijumlishwe. Seth Lover aliibuni dawa hiyo kwa ajili ya kampuni ya Gibson mwaka 1955, na mwaka 1957 pikapu ya Precision Bass, gitaa jingine la besi la Fender, ikagawanywa vipande viwili vinavyofanya kazi kwa wazo hilohilo. Kwenye gitaa langu pikapu mbili zinafutiana kelele iwapo tu zote ziko wazi kwa usawa. Ukishusha moja, mvumo unarudi. Nilikuwa nimeliona hilo kwa muda mrefu nikidhani kitufe ni kibovu.

Kulikuwa pia na kelele ya pili, na ilinichukua muda kuitenganisha na ya kwanza. Hii ilikuwa ya kukwaruza, kama nyuki ndani ya kopo, na ilipungua nilipoweka kiganja juu ya nyuzi. Mwili wa mpigaji hukusanya kelele za hewani kama antena, na nyuzi zilizounganishwa na waya wa ardhi huzipeleka kelele hizo zisikodhuru. Nikaizoea, nikawa napumzisha kiganja kati ya wimbo na wimbo. Kisha wiki moja kiganja kikaacha kusaidia. Niligusa nyuzi, nikagusa daraja, nyuki wakaendelea.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye mwili wa jeki, tundu la kuchomekea kebo, na nyingine kwenye daraja. Ilipaswa kusoma karibu na sifuri, lakini haikusoma kitu. Nikafungua skrubu za daraja, nikaliinua, na chini yake kulikuwa na waya mmoja mtupu uliotokeza kwenye kitundu, umeoza ncha, haugusi chochote. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimetafuta kelele hiyo kwenye taa, kwenye simu, kwenye kebo za wenzangu. Nikasugua sehemu ya chini ya daraja hadi ikang'aa, nikaumenya waya sentimita mbili mpya, nikaulaza na kufunga daraja juu yake. Dakika kumi za kazi.

Neno moja kwa uzito wote: usiondoe kamwe pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili kuua mvumo. Nimewaona watu wakifanya hivyo. Nyuzi unazozishika zimeunganishwa na amplifaya hiyo, na ukigusa maikrofoni kwa midomo huku vidole viko kwenye nyuzi, hitilafu moja ya umeme inatosha kukuua.

Baada ya waya wa daraja nilijipa moyo na kubandika utepe wa shaba kwenye mashimo yote ya gitaa. Kazi hii naipenda. Unakata vipande, unavilaza kwa kupanda kimoja juu ya kingine, unalehemu maungio ili umeme upite, unaunganisha yote na ardhi, na unapima kwa mita kila kona. Nilipofunga kila kitu na kuchomeka, kukawa kimya kabisa, hata sauti ya nyuzi haikuwepo. Kile kimguu cha jeki kinachobeba sauti kilikuwa kimegusa shaba niliyoibandika pembeni yake, na sauti yote ikawa inamwagika ardhini. Kipande kidogo cha utepe wa kuhami kilitosha. Tangu hapo nikibandika shaba namaliza kwa kufunika sehemu ya jeki kabla ya jambo lingine lolote.

Shaba iliwafukuza nyuki karibu wote. Mvumo wa chini haikuugusa, na ni vizuri mtu alijue hili kabla hajatumia siku nzima: utepe huzuia kelele za umeme tuli wa hewani, lakini uga wa sumaku unaotoka kwenye transfoma hupenya shaba nyembamba bila shida. Dhidi ya huo kuna kusogea mbali na transfoma, kugeuza mwili hadi upate upande uliotulia, au kuwa na koili mbili zinazopingana.

Sasa kimo cha pikapu, yaani ukaribu wake na nyuzi. Hapa ndipo ningemwomba kila mpiga besi akae muda mrefu kabla ya kufikiria kununua chochote.

Niliwahi kufikiri kwamba pikapu ikikaribia nyuzi sauti inakuwa kubwa, na sauti kubwa ni nzuri. La kwanza ni kweli. Basi nikazipandisha zote mbili hadi karibu ziguse. Kwa siku mbili nilifurahi sana. Kisha nikaanza kusikia kitu cha ajabu kwenye uzi wa E kuanzia freti ya 12 kwenda juu: noti moja ilitoka kama mbili zinazogombana, na kifaa cha kutunia kilikuwa kinapanda na kushuka bila kutulia. Nikarekebisha vipande vya daraja, nikarekebisha tena, nikafunga nyuzi mpya. Kosa lilikuwa sumaku. Sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi, uzi hushindwa kutikisika kwa uhuru wake, na noti huchafuka. Nikazishusha pikapu na ugomvi ukaisha palepale.

Namna ninayofanya sasa ni hii. Nabonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, napima nafasi kati ya kichwa cha sumaku na upande wa chini wa uzi, kwa rula ya plastiki kwa sababu ya chuma itavutwa na kukudanganya. Pikapu ya shingoni naianzia milimita 3 upande wa E na 2.5 upande wa G. Ya darajani naikaribisha zaidi kidogo, maana pale uzi unacheza kidogo na pikapu inahitaji kusogea ili isikie sawasawa na mwenzake. Hizo ni namba za kuanzia tu. Baada ya hapo nacheza kifungu kimoja kilekile kwa pikapu ya kwanza peke yake, kisha ya pili peke yake, na nageuza skrubu robo mzunguko, si zaidi, hadi mtu akiwa amefumba macho asisikie moja ikiruka juu ya nyingine kwa ukubwa. Nikishamaliza naacha gitaa hadi kesho yake, kwa kuwa sikio lililochoka husema ndiyo kwa kila kitu.

Mara nyingi unageuza skrubu kuilegeza na pikapu haipandi. Chini yake kuna sponji inayoisukuma juu, na sponji hufa: inakuwa unga au inabaki bapa kama karatasi. Yangu ilikuwa unga. Kuweka mpya ni kazi ya dakika chache, ila inua pikapu polepole, nyaya zake ni fupi na zimechoka. Na usijaribu kusukuma vichwa vya sumaku kwa kidole ili kusawazisha nyuzi. Kwenye pikapu nyingi za muundo huu waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Kichwa kikisogea kinaukwangua waya na koili inakatika.

Kutu kwenye vichwa vya sumaku ilinishughulisha kwa njia isiyo sahihi. Jasho la vidole hushuka hapo kila siku, na nilipoona madoa ya kahawia nikaanza kunyunyizia dawa ya kusafishia moja kwa moja juu ya pikapu, nikipangusa na kuona fahari. Unyevu uliotelemka kando ya sumaku ulikuwa unaelekea kwenye koili. Sasa natumia kitambaa kikavu kila nikimaliza kupiga, na kama lazima kuwe na dawa, dawa inawekwa kwenye kitambaa mbali na gitaa. Kutu nyepesi naiondoa kwa kifutio cha penseli huku nimeziba pembeni kwa utepe wa karatasi, kisha napaka tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya vichwa. Pamba ya chuma ya kung'arishia freti isikaribie gitaa kabla hujazifunika pikapu. Vijinyuzi vyake hurukia sumaku na kung'ang'ania, na vikipenya ndani vinaweza kufupisha njia ya umeme kwenye koili. Vilivyorukia pikapu yangu nilivitoa kimoja kimoja kwa utepe wenye gundi, jioni nzima.

Basi pikapu ya shingoni ikafa, na mimi nikaamua kununua mpya.

Nilinunua kwa haraka. Maelezo yalisema ni ya Jazz Bass, nikaona inatosha. Ilipofika haikuingia kwenye shimo. Nyuzi za besi huachana kadiri zinavyokaribia daraja, kwa hiyo pikapu ya darajani hutengenezwa ndefu kuliko ya shingoni, kwa kawaida kama milimita 95 dhidi ya 92. Niliyoagiza ilikuwa ya darajani. Milimita 3 ni kitu kidogo sana ukiwa na patasi mkononi, na patasi nilikuwa nayo. Nashukuru niliirudisha kwenye sanduku, kwa sababu mbao iliyochongwa hairudi. Nikaibadilisha pikapu kwa ile ya saizi sahihi.

Kulehemu kulikwenda vizuri. Nilishajifunza kwenye vipande vya waya wa kutupa. Chuma cha kulehemu kiwe na nguvu ya kutosha, wati 40 hivi na kuendelea kwa mgongo wa potensiometa, ili uguse, lehemu iyeyuke, uondoke. Chuma dhaifu kinakulazimisha kukaa hapo muda mrefu hadi potensiometa iungue ndani. Na tumia lehemu yenye utomvu, ya vifaa vya umeme. Ile yenye asidi ya mafundi bomba hula shaba polepole.

Nikafungua vitufe vyote viwili. Sauti ilikuwa nyembamba, ya puani, chini kumetoboka. Kila pikapu peke yake ilikuwa nzuri, zikiwa pamoja zinafutana. Cha kushangaza ni kwamba hakukuwa na mvumo hata kidogo. Nikageuza nyaya mbili za pikapu mpya, ya sauti ikaenda ardhini na ya ardhi ikaenda kwenye sauti. Unene ukarudi wote, na mvumo ukarudi nao.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa. Mwishowe nikachukua dira ndogo na kuipitisha juu ya pikapu ya darajani, kisha juu ya mpya. Sindano iligeukia upande uleule kwa zote mbili. Hapo nikaelewa. Ili kelele zifutane na sauti ijumlishwe, lazima mambo mawili yapingane kwa pamoja: mwelekeo wa koili na mwelekeo wa sumaku. Kugeuza nyaya ni kugeuza koili pekee. Kama sumaku zinafanana, unachagua kati ya sauti nene yenye mvumo na sauti ya puani yenye utulivu. Hakuna njia ya tatu kwa bisibisi. Kwa hiyo anayenunua pikapu moja kuja kuungana na ya zamani aulize au apime kwa dira kwanza, vinginevyo anunue jozi iliyotengenezwa pamoja. Mimi sikuuliza.

Wakati huohuo niligundua tofauti ya tabia. Pikapu za zamani zina sumaku za alniko, aloi ya alumini, nikeli, kobalti na chuma. Mpya ilikuwa na sumaku ya kauri chini yake, yenye nguvu zaidi, na sauti yake ilikuja mbele, ngumu, yenye kung'aa. Kuna muziki unaoitaka sauti hiyo. Nilipoirekodi peke yake niliipenda kuliko ya zamani. Nilipoirekodi pamoja na ngoma na kinanda, ilikuwa inapigania nafasi na matoazi, na pale chini ambapo besi inatakiwa kubeba wengine kulikuwa na upungufu. Tangu siku hiyo sihukumu pikapu ikiwa peke yake.

Kuna mambo madogo niliyoyajaribu kipindi hicho yaliyonifundisha kuwa pikapu si kisiwa. Nilibadilisha potensiometa za kilo-omu 250 nikaweka za 500. Sauti ikafunguka juu, pamoja na kila mkwaruzo wa vidole, nikarudisha za 250. Kapasita ya toni niliiacha ileile ya mikrofaradi 0.047. Kelele ya mchanga kwenye kitufe iliisha kwa dawa ya kusafishia potensiometa na kukizungusha mara ishirini thelathini. Kebo ndefu ilifunika sauti za juu, maana kwa pikapu zisizo na betri kebo nayo ni sehemu ya mzunguko wa umeme. Mwenzangu ana pikapu zenye betri ya volti 9, tulivu na zenye nguvu. Nilizipiga wiki nzima, nikazirudisha kwa heshima. Zinahitaji potensiometa zake, za kilo-omu 25, na nidhamu ya kuchomoa kebo kila ukimaliza, la sivyo betri inaisha usiku ukiwa umelala.

Na nyuzi. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema, na kabla ya kulilaumu jembe inafaa mtu aangalie makali yake. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya Motown, alitumia Precision Bass yenye nyuzi bapa nzito, na sponji iliyobana nyuzi pale darajani. Sehemu kubwa ya sauti ile ilikuwa imeshatengenezwa kabla haijafika kwenye sumaku. Seti ya nyuzi niliyoijaribu baadaye ilibadilisha gitaa langu kuliko pikapu ya kauri ilivyofanya.

Pikapu iliyokufa niliiweka kwenye bakuli mezani na kuitazama miezi kadhaa. Sikuwa na ujuzi wa kuizungusha upya. Jumapili moja nilichukua kioo cha kukuzia na taa, nikaondoa kifuniko, nikaanza kufuata waya kutoka pale kebo inapolehemiwa. Kwenye kijitundu cha mwanzo kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye cha pili, ambako mwisho wa nje wa koili unafungwa, kulikuwa na doa la kijani ukubwa wa punje ya ufuta. Shaba ilikuwa imeliwa hapo. Waya uliobaki ulikuwa unaning'inia milimita moja kutoka mahali pake.

Ule mwisho wa nje ndio mwisho wa bahati, kwani ingekatika ndani ningeshindwa. Nilisafisha doa, nikafungua mzunguko mmoja wa waya kwa sindano ya mbao, nikishikilia pumzi kila niliposogeza mkono. Waya huu umepakwa enameli, na enameli haipitishi umeme wala haishiki lehemu, hivyo nilipitisha kipande cha msasa laini kabisa juu ya ncha mara mbili tatu, bila kuukandamiza. Nikauzungusha kwenye kijitundu, nikagusa kwa chuma sekunde moja.

Kabla ya kuifunga niliipitisha kwenye nta, kwa kuwa hata ilipokuwa hai ilikuwa na tabia ya kusikia kucha zikigonga kifuniko chake na kupiga mayowe kwenye sauti kubwa. Mizunguko iliyolegea hutikisika na kuwa maikrofoni. Parafini nyingi na nta ya nyuki kidogo, kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe kwa sababu nta hushika moto. Kipimajoto nilikishikilia kwenye nyuzijoto 65, maana joto likizidi sana plastiki hupinda. Vipovu vidogo vikawa vinapanda kutoka kwenye koili kwa dakika ishirini hivi, kisha vikakoma. Nikaitoa, nikaifuta, nikaiacha ipoe polepole.

Nikairudisha shingoni, karibu na mwenzake wa zamani ambaye sumaku yake inapingana nayo kama walivyozaliwa. Sponji mpya chini, milimita 3 upande wa E, 2.5 upande wa G. Kabla ya kuchomeka amplifaya nikachomeka mita na kushusha kitufe cha darajani hadi sifuri. Ikasoma 7.3. Nilisimama na daftari mkononi nikijiuliza zile 0.2 zimetoka wapi, hadi nilipoigusa pikapu na kukuta bado ina uvuguvugu wa nta. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 4 kwa kila nyuzijoto 10. Nikaenda kuwasha taa za nje, nikarudi baada ya nusu saa, nikapima tena.

7.1.